Nambari Niliyoiandika Mimi, Si Kompyuta

Assalaam aleikum, wasomaji wa ukurasa huu. Nimemwomba mhariri alifiche jina langu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne, naishi mtaa wa Kuze na bibi yangu na ami yangu, mdogo wake marehemu baba. Nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Ami alikatiza masomo ya fizikia ng'ambo bibi alipougua, akapata kazi ya ukarani katika ofisi moja huko Mbaraki. Mwajiri wake humruhusu kutumia kompyuta Jumamosi, ofisi ikishafungwa. Hapo huendeleza utafiti wake: kupiga hesabu za fuwele, kitu kigumu ambacho atomu zake hujipanga kwa safu kama za chumvi, ambayo bado haijatengenezwa na mtu. Kwa kanuni za kwanta, zinazoeleza mwendo wa elektroni, mtu aweza kujua atomu za fuwele hiyo zitakaa umbali gani na itakuwa ngumu kiasi gani, kabla haijapikwa tanurini. Alinifunza kwa chembe za chumvi mezani, hata bibi akauliza, "Nyie, chumvi hiyo mwaila au mwaihesabu?"

Mwaka mzima mimi ndiye niliyemwandikia majibu daftarini. Hesabu moja hurudiwa, kila mara kwa pointi nyingi zaidi za kukokotolea, mpaka jibu litulie, lisibadilike tena. Ami husema, "Kompyuta haina haya, mwanangu. Itakupa jibu lolote. Haya tuwe nayo sisi."

Siku ya hesabu ya mwisho jirani yetu alifariki. Ami akaenda kuzika, akaniachia daftari na kompyuta pale ofisini. Kazi ilihitaji saa nne mfululizo. Ilipobaki nusu saa, umeme ukakatika na yote yakapotea. Nilikuwa nimefua na kupika tangu alfajiri, na Jumatatu yake nilikuwa na mtihani. Umeme uliporudi, bawabu akagonga mlango. "Binti, mimi nafunga. Wamaliza leo au kesho?" Nikachukua jibu la wiki iliyotangulia, nikabadilisha tarakimu ya mwisho ili lionekane jipya, nikaandika kando yake: limetulia.

Ami alilitazama daftari, akatabasamu, akatuma majibu kwa profesa wake.

Sasa barua imekuja. Amepewa nafasi ya kurudi kumaliza shahada, na mwenzake wa maabara anajiandaa kuipika fuwele ile kwa kufuata hesabu zetu. Ami alimsomea bibi barua yote, kisha akasema, "Nusu ya kazi hii ni ya huyu. Inshallah zamu yake yaja." Bibi akanishika mkono. Nikainuka, nikaondoa sahani.

Nimewaza kuirudia hesabu ile kwa siri. Lakini nikikuta jibu ni lile lile, nitakuwa nimeponea tu, sijasema kweli. Na nikikuta silo, huenda akaikosa nafasi yake kwa sababu yangu. Mimi mwenyewe natamani kuifanya kazi hii maishani, na sipendi niianze hivi.

Jana aliniuliza, "Mbona siku hizi huketi nami mezani?" Nikamjibu kuwa nimechoka. Hilo si uongo.

Nawauliza nyinyi, hasa mliowahi kumkosea mtu aliyewaamini: nimwambie kwanza, kisha tuirudie pamoja, au niirudie kwanza ndipo nimwambie? Zimebaki Jumamosi chache kabla hajasafiri. Daftari liko pale pale mezani, karibu na chumvi.