Upande Mmoja wa Jiwe

Watu wa bwawa walimwita Sentimita, na jina lilimkaa kama shati la kushonesha. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mpima maji. Kila asubuhi alitoka kwenye nyumba yake ya vyumba viwili kando ya ukuta wa bwawa, karibu na lango, akiwa na daftari, penseli iliyofungwa uzi na redio ya mkononi, akalizunguka ziwa lililotulia katikati ya milima kama maji kiganjani. Kilomita kumi na moja. Njiani palisimama nguzo saba zilizochorwa namba. Alitazama maji yamefika wapi, akaandika, akaiambia ofisi kwa redio, akaendelea.

Daftari lilianza na nguzo ya kwanza na kuishia na ya saba. Basi naye alianza na ya kwanza akaishia na ya saba, akishika kulia siku zote. Hakuna aliyemwamuru. Mazoea yana taabu, na mazoea ya daftari ndiyo mabaya zaidi.

Maji yale yaliwasha taa za mji mzima, lakini watu wa mji hawakuruhusiwa hata kuyatazama. Langoni palining'inia kibao: HAKUNA KUINGIA. Binti yake hakukubaliana na kibao hicho hata siku moja. Alikuwa fundi baiskeli. Aliacha kazi kiwandani, akasimamisha kibanda cha mabati nje ya lango, akaokota baiskeli sita zilizotupwa na kuzifufua: hii akaitia spoku, ile mnyororo, nyingine akaibadilishia kila kitu isipokuwa kengele. Kisha akaanza kuandika barua. Miaka mitatu aliiomba ofisi ifungue njia, watu waje kutembea na kuendesha baiskeli. Miaka mitatu ofisi ilimjibu neno lilelile: watu watapotea.

"Baba, wewe umewahi kupotea huko?"

"Mimi? Hata ukinifunga kitambaa usoni."

"Basi waazime watu macho yako. Paka alama."

Alipaka. Wiki nzima, akishamaliza kupima maji, alizunguka na kopo la rangi nyeupe, akatia doa kwenye jiwe kila penye kona na kila penye njia panda. Mawe mia mbili na kumi na manne. Alijivunia kila doa.

Mwishowe meneja wa bwawa alikubali jaribio moja tu. Watu kumi, Jumamosi. Wakirudi wote langoni kabla ya saa kumi alasiri, bila kutafutwa, lango litabaki wazi. Yeye mwenyewe angekuwa mmoja wao. "Nataka nishuhudie wanavyopotea," alisema.

"Safari hii wakikataa, nafunga kibanda," binti alimwambia baba yake. "Narudi kiwandani. Mkono umechoka kuandika."

Jumamosi ikafika. Watano walikwenda kwa miguu, wakiongozwa na nesi mstaafu mwenye fimbo na kofia pana. Watano walipanda baiskeli, meneja mbele yao, tai shingoni. Binti aliwaelekeza kwa sauti kubwa: "Wa miguu kulia, wa baiskeli kushoto, mlima wa huko ni mpole! Mkikutana katikati mpige picha!"

Saa tisa na nusu nesi akatokea na wenzake, vumbi hadi magotini, anacheka. "Bwana Sentimita, nimekwenda na miguu ya bibi, nimerudi na ya msichana!"

"Hongera, mama. Wenye baiskeli mmekutana nao wapi?"

"Baiskeli gani? Hatujasikia hata kengele."

Sentimita aligeuka kuitazama njia ya kushoto. Njia ni moja, nayo ni duara. Anayekwenda kulia na anayekwenda kushoto hawawezi kupishana bila kuonana. Alimtazama binti yake. Binti tayari alikuwa anaitoa baiskeli ya sita.

"Breki ya mbele inakamata vibaya, Baba. Tumia ya nyuma."

Akapanda, akashika kushoto. Akapita nguzo ya saba, akapita ya sita, akafika njia panda, akasimama. Vijia viwili mbele yake vilifanana kama mapacha. Katikati yake lilikaa jiwe kubwa kama ndama, kijivu tupu, bila doa lolote. Na jiwe hilo alilipaka kwa mkono wake!

Alishuka, akalizunguka. Upande wa pili doa lilikuwepo, jeupe, duara kama sahani, linatazama kule anakotokea yeye kila siku.

"Lo!" alisema peke yake. "Miaka ishirini na sita sijawahi kufika hapa nikitokea huku."

Hakuhitaji kuwaza zaidi. Kijia kile kingine kilikwenda kwenye machimbo ya mawe ya zamani. Huko aliwakuta, wanasukuma baiskeli, wamechoka, lakini midomo haijachoka.

"Meneja aliniambia ana ramani kichwani!" mmoja alipiga kelele.

"Ramani anayo," mwingine akajibu, "ila ni ya nyumbani kwake."

Meneja alitazama saa. "Saa kumi na dakika tano. Nilisema watu watapotea au sikusema?"

"Ulisema, mkubwa. Lakini kosa si lao, wala si la njia. Ni langu. Njoo uone."

Akampeleka hadi kwenye jiwe, akamsimamisha upande mmoja, kisha akamvuta mkono hadi upande wa pili. Meneja alilitazama doa lile. Aliinama, akaligusa.

"Yote umepaka hivi?"

"Yote mia mbili na kumi na manne."

"Nikipotea mimi," meneja alisema polepole, "nitaandikaje kwenye ripoti kwamba ni uzembe wa wageni?" Wenye baiskeli wakaangua kicheko, naye akashindwa kujizuia. "Jumamosi ijayo tunarudia. Mimi tena, na kushoto tena. Rangi ipo?"

"Nusu kopo."

"Utaongezewa. Kesho anzia nguzo ya saba."

Walipofika langoni, kibanda kilikuwa kimefungwa na binti amekaa juu ya kisanduku cha spana, uso chini. Sentimita akamrushia kengele ya baiskeli, iliyokuwa imeng'oka njiani.

"Fungua, fundi. Hii inakungoja. Na Jumamosi wanarudi."

Asubuhi iliyofuata alizunguka kinyume, brashi mfukoni, akijaza daftari kutoka chini kwenda juu. Dada wa redio ofisini alishangaa. "Mzee, leo vipi? Unaanza na saba?"

"Andika tu, mwanangu."

Akapaka jiwe la kwanza, akainua kichwa. Ng'ambo ya maji aliona nyumba yake mwenyewe, ndogo, mlango wa buluu, na langoni kando yake binti anapanga baiskeli sita kwa mstari. Kila siku alipita pale akitokea upande mwingine, macho kwenye daftari; hakuwahi kuiona kutoka pale. Alisimama kidogo kuitazama, kisha akachovya brashi.