Kungoja Bamvua

Wakati wa Mwingereza nilikuwa fundi wa nyumba za udongo pale Kariakoo, na nilijiona najua kila kitu kuhusu boriti isipokuwa zinakotoka. Nyingi zililetwa kutoka mikoko ya Rufiji, na kila mwaka zilizidi kuwa nyembamba na kupinda. Nikasikia kwamba ndani kabisa, mwisho wa vijito, kuna msitu ambao haujaguswa na shoka. Nikamchukua mdogo wangu, fundi mwenzangu, mtu mzima mwenye mke, tukakodi mashua ya nahodha wa huko huko kwenye mikoko.

Tuliingia ndani siku tatu. Kijito kilizidi kuwa chembamba mpaka matawi yakagusana juu yetu. Kulikuwa na mbu, tope lenye harufu ya yai bovu, na mamba waliojianika bila haraka. Kisha ardhi ikapanda, na hapo ukaanza msitu wenyewe: miti mirefu, minyoofu, na giza mchana kweupe. Niliitamani miti ile, nasema kweli, kuliko nilivyowahi kutamani kitu.

Kabla hatujakanyaga nchi kavu, nahodha alifunga kitambaa cheupe mtini na kuomba ruhusa kwa wenyewe. Nilimcheka. Nikamwambia sisi watu wa mjini hatupigi hodi kwa miti. Kesho yake akaniambia, "Leo mwezi kumi na saba, bamvua linaisha. Maji makubwa yaliyotuleta hapa hayafiki tena mpaka mwezi mwingine uandame. Tutoke leo."

Nikadhani ni yale yale ya kitambaa. Mimi mwezi nilikuwa nauhesabu kwa ajili ya Ramadhani tu. Nikasema tunakaa siku mbili zaidi, tukate boriti za kuwaonyesha watu mjini.

"Kaka, tumsikilize mwenye maji yake," mdogo wangu alisema.

Nikamuuliza kama mkewe amemfunga kamba mguuni. Akaokota shoka lake, akasema, "Haya. Wewe ndiye mkubwa."

Tuliposhuka na boriti zetu tulikuta mashua imekaa juu ya tope. Maji yalikuja, yakalowesha usukani, yakarudi. Siku iliyofuata hayakuufikia hata huo usukani. Tulitupa boriti zote, tukachimba, tukasukuma mpaka viganja vikatoka damu. Kutoka kwa miguu hakukuwezekana, tope lilikuwa la kiunoni na kila kijito kina mamba. Nahodha hakunilaumu. Alihesabu kwa vidole akasema tutangoja siku kumi na mbili, labda kumi na tatu. Mchele ulitosha. Maji ya kunywa yaliisha, tukanywa ya dimbwi la msituni, meusi.

Siku ya tano mdogo wangu alishikwa na homa. Kila maji yalipojaa aliuliza, "Kaka, yamefika?" nami nikamjibu bado kidogo. Siku ya tisa hakuuliza. Nahodha ndiye aliyemtamkisha shahada, kwa sababu mimi nilikuwa nalia kama mtoto. Tulimwosha kwa maji ya dimbwi lile lile, tukamkafini kwa kipande cha tanga, tukamzika pale ardhi inapopanda. Siku tatu baadaye mwezi uliandama, na kesho yake mashua ikaelea yenyewe bila kusukumwa.

Nyumbani nilisema tu kwamba maji yalitukimbia. Watu wakanipa pole, lawama wakamtupia nahodha, naye alikuwa amekaa mkekani pale pale akiitikia dua. Hakujitetea. Mimi nikaitikia dua kama wengine.

Eda ilipokwisha, wazee walikaa wakasema nimwoe mjane, asitoke mikononi mwetu. Kwetu hilo lilikuwa jambo la heshima. Nikashindwa kulibeba. Nikaenda kumwambia ukweli wote, pamoja na ile dhihaka ya kamba.

Alinisikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo.

"Shemeji," alisema, "nilijua tangu siku uliyorudi peke yako. Mume wangu hakuwa mtu wa kushindana na maji. Ila wewe hakuweza kukukatalia."

Akaendelea na mchele wake. Wiki ile ile alirudi kwa baba yake, nami sikuwa na uso wa kumsindikiza hata mpaka Msimbazi.