Dawa ya Tumbo Ilivyoniwashia Moto Kifuani

Nilipopona tumbo ndipo nilipoanza kuungua kifua.

Usicheke. Hata mimi nilidhani ni utani.

Mimi ni fundi wa vigae. Miaka ishirini nimepiga magoti kwenye sakafu za watu, na miaka sita kati ya hiyo niliishi na vidonda vya tumbo. Nikila tu, tumbo linanikata. Kwa hiyo kazini nilikuwa sili mchana. Wenzangu wakienda kula, mimi nakunywa maji na kuchanganya saruji.

Mwishowe nikaenda kupima. Daktari, mama mmoja mwenye miwani na maneno machache, akaniambia nina bakteria wa tumboni. Nikapewa vidonge vya siku kumi na nne. Asubuhi kiganja kimejaa, jioni kiganja kimejaa.

"Usiruke hata siku moja," akasema. "Na mkeo naye aje apimwe, kama naye tumbo linamsumbua."

Sikuruka. Nikapona mpaka nikasahau kwamba niliwahi kuumwa.

Wiki moja baadaye nipo kwenye bafu la mteja, nimeinama napanga vigae. Ghafla kitu kikapanda kutoka tumboni hadi kooni. Kichungu, kikali, kinachoma. Nikadondosha mwiko, kigae kikapasuka.

"Nakufa!"

Fundi wetu wa rangi tunamwita Profesa. Usiulize alisomea wapi, hata yeye hajui. Ana jibu la kila kitu, kuanzia injini hadi ndoa za watu. Akashuka kwenye ngazi yake taratibu.

"Umekunywa dawa gani karibuni?"

Nikamweleza.

"Basi hapo ndipo walipokumaliza. Yule bakteria alikuwa mlinzi. Ndiye aliyeizuia asidi isipande. Sasa umemuua, ulitegemea nini?"

Jamani, lilivyoniingia! Mtu ana rangi hadi kwenye nyusi, ananifundisha tumbo langu, na mimi natikisa kichwa kama niko darasani.

Ikawa kila siku. Mchana nikishaanza kazi tu, moto. Nikamchukia yule daktari kupita kiasi. Kwenda kumuuliza? Thubutu. Nilichukua simu, nikarekodi sauti ya dakika saba, nikaituma kwenye kundi la familia.

"Ndugu zangu, hizi dawa za bakteria ni za kumaliza watu. Zimeniunguza kifua. Bora vidonda!"

Bora vidonda. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu.

Ile sauti ilisambaa balaa. Shangazi aliwatumia majirani, majirani wakawatumia ndugu zao. Watu nisiowajua walinipigia kuomba ushauri, na mimi nikawapa. Fundi wa vigae natoa ushauri wa matumbo! Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Wakati huo mke wangu alikuwa ameshapimwa. Naye alikutwa na bakteria, na kidonda juu yake. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza dozi.

"Haya, meza," nikamwambia. "Yatakukuta kama yaliyonikuta."

"Nimesikia," akajibu.

Mnaomjua mke wangu mnajua. Kwake yeye "nimesikia" maana yake ni niondokee hapa. Nikisema tupite kushoto, anapita kulia. Nikisema chumvi imezidi, kesho anaongeza. Nikajua vidonge anameza, nikabaki kununa na kushika kifua changu.

Wiki ya tatu tangu aanze dozi, asubuhi, alikuwa anaanika nguo uani. Nikasikia beseni limeanguka. Nilitoka nikiwa tayari kugomba.

Nikamkuta chini. Midomo imepauka, jasho la baridi linamtiririka.

"Tangu juzi napata choo cheusi kama lami," akasema kwa shida. "Sikutaka kukusumbua. Na wewe una kifua chako."

Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile maishani mwangu.

Hospitali walisema kidonda kinavuja damu, na tungechelewa hadi jioni tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Akaongezewa damu, wakampitishia mpira wa kamera kooni hadi tumboni, wakafanikiwa kuziba pale palipovuja. Siku ya tano ndipo alipoanza kukaa mwenyewe kitandani.

Siku hiyo akaja yule yule daktari wa miwani.

"Dozi aliimaliza?"

"Aliimaliza," nikajibu kwa kifua mbele.

Mke wangu akageukia ukutani. "Niliacha siku ya tatu."

"Uliacha? Kwa nini?"

"Ile sauti yako niliisikiliza mara nne. Nikasema huyu mtu hata nyundo ikimpiga kidole halalamiki. Akilia hivi, basi ni kweli." Akanigeukia. "Dawa sikuiogopa. Nilikuamini wewe."

Miaka kumi na tano ya ndoa ananisikiliza mara moja tu, na mara hiyo nilikuwa naropoka. Niliona aibu, tena aibu ya kutamani sakafu ipasuke. Lakini mdomo wangu nao hauna haya. Nikamgeukia daktari.

"Kwani si kweli dawa zenu zinaleta kiungulia?"

"Wapo wanaopata kiungulia baada ya tiba," akasema. "Kama ni tiba yenyewe au ni mambo mengine, wataalamu bado wanabishana. Wewe kinakushika saa ngapi?"

"Mchana, nikiwa kazini."

"Na hizi siku tano ulizokaa hapa?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Siku tano nimekaa wima kwenye benchi, nakula mkate mkavu kwa sababu ya hofu. Kifua kimya kabisa, na wala sikuwa nimegundua.

"Kazini mchana unakula?"

"Nakula! Tangu nipone nakula sahani mbili za wali. Miaka sita nimeteseka, daktari, acha nilipize."

"Halafu?"

"Halafu narudi kwenye vigae."

"Nionyeshe unavyofanya."

Nikapiga magoti pale pale wodini. Nikainama, kichwa chini, makalio juu, mkanda umenikaba tumbo. Mama wa kitanda cha jirani alicheka mpaka akashika mshono wake.

"Chupa imejaa pomoni, haina kifuniko," daktari akasema. "Ukiiinamisha inakuwaje?"

Hakungoja jibu. Akaandika karatasi yake.

Mke wangu alikuwa ananitazama kutoka kitandani. Hakucheka.

"Kwa hiyo mimi nusura nife kwa sababu ya sahani zako mbili za wali?"

Nikainuka, nikajipangusa magoti.

Alianza dozi upya, akaimaliza, akapimwa, bakteria hakuna. Mimi mchana nakula kidogo, nakaa kwanza, kazi za kuinama nazifanya asubuhi. Kiungulia kimepungua hadi nakisahau. Profesa anasema alijua tangu mwanzo kwamba ni wali.

Nilirekodi sauti nyingine ya kukiri kosa. Hakuna hata mmoja aliyeisambaza. Ile ya kwanza bado inatembea. Wiki iliyopita mtu nisiyemjua alinitumia mimi mwenyewe, kaandika: "Msikilize huyu mtaalamu, usimeze hizo dawa."

Nimempigia mara tatu, hapokei. Sijui nyumbani kwake nani anaumwa.

Wewe unayesoma hapa, kama una vidonge vya siku kumi na nne na kuna kitu kinakutia wasiwasi, rudi kwa aliyekupa ukamuulize, hata kama ana maneno machache. Sisi mafundi tuulize habari za sakafu.