Boneti ya Watu Wawili

Baba alikutwa amefariki akiwa amelalia boneti ya gari lake, shavu juu ya bati, mikono yote miwili imeshika ukingo wa mbele. Boneti ilikuwa bado imefungwa. Mama ndiye aliyemkuta, uani kwetu Kiegeani, muda mfupi baada ya sala ya alasiri.

Mimi sikuwapo. Nilifika kesho yake kutoka Dar es Salaam, na siku hiyohiyo akazikwa. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa mama, kwa jirani wa upande wa kisima, na kwa gari lenyewe.

Ni pikapu kuukuu. Baba aliitumia kupeleka nazi na matenga ya samaki Kilindoni, na maji ya samaki yalikuwa yakichuruzika kila safari, basi kutu ilikuwa imeingia kila mahali. Waya unaofungulia boneti ulikuwa mgumu. Ukivuta mkono wake chini ya usukani, kitasa cha mbele hakiachii, mpaka mtu wa pili asimame mbele ya gari, aikandamize boneti kwa viganja, halafu aiachie ghafla. Mmoja anavuta, mwingine anakandamiza, kwa wakati mmoja. Mtu peke yake haiwezi, kwa sababu mkono wa kuvutia uko ndani na kitasa kiko mbele.

Na ilikuwa lazima ifunguliwe mara kwa mara. Barabara zetu zilikuwa zikilegeza kibanio cha waya wa betri, na kikilegea honi hulia, lakini gari haliwaki mpaka kikazwe.

Mtu wa pili, miaka yote, alikuwa mama. Baba alikuwa akipiga honi mbili fupi, naye anatoka jikoni na kanga yake, anaingia kwenye usukani kama dereva.

"Haya, bosi anakuita kazini!" jirani alikuwa akimtania kutoka kisimani.

"Kazi yenyewe haina hata likizo," mama anajibu.

"Vuta, mama watoto! Vuta kama unavuta jarife la papa!" baba anapaza sauti mbele ya gari.

"Navuta! Wewe kandamiza, punguza kelele."

Boneti ikifyatuka, baba alikuwa akimpigia saluti. Nimeiona saluti hiyo tangu nikiwa mtoto, na hata kwenye simu nilikuwa nikizisikia zile honi mbili, mama akaniambia, "Ngoja, naitwa."

Wageni wa msiba walipopungua, nilibaki na mama. Alikuwa ameanza kukaa eda, hatoki nje ya nyumba, na chumba chake kina dirisha linaloangalia nyuma, ambako gari lilikuwa limesukumwa siku ya maziko ili kupisha turubai. Siku moja, bila kuniangalia, aliniambia:

"Honi niliisikia."

Nilisogea karibu naye.

"Nilikuwa kwenye sala. Nikate sala kwa ajili ya boneti? Nikamaliza. Nikatoa salamu. Ikalia tena. Hapo, mwanangu, nilikuwa nimeshatoa salamu."

"Ukafanya nini?"

"Nikaleta uradi wangu wote, taratibu. Nikasema moyoni, na asubiri leo. Kila siku yeye na boneti yake."

Alipotoka, alimkuta hivyo nilivyoeleza.

Asubuhi ya siku ile baba alikuwa amesema kifua kinambana, akausingizia muhogo wa jana yake. Mchana alilala. Hakumwambia mtu kwamba anakwenda popote. Hapo ndipo mama alipokuwa amekwama. Ikiwa gari lilikataa kuwaka, basi baba alikuwa anajipeleka hospitali Kilindoni, na zile honi zilikuwa za kuomba msaada. Ikiwa gari lilikuwa zima, basi alitaka tu kutazama maji na oili, kama alivyozoea kabla ya safari ya kesho, na mauti yalimkuta kwenye shughuli yake ya kawaida.

"Hata angefika hospitali, mama, pengine..."

"Usinipe pengine," alisema. "Kaangalie kile kibanio. Kama kimekaza, nitajua. Kama kimelegea, nitajua."

Kuwasha gari kusingetuambia kitu. Wanaume walipolisukuma, mmoja wao alizungusha ufunguo ili usukani usijifunge, akauacha hivyohivyo. Hakuna anayekumbuka ufunguo ulikuwaje kabla yake. Tangu hapo betri, hata kama ilikuwa nzima, imekwisha. Ilibaki kufungua boneti.

Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka Kilindoni, kijana mchangamfu mwenye mfuko wa spana begani. Alisimama mbali na dirisha, kwa adabu.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

Pazia halikutikisika. Sauti ya mama ilikuja kwangu mimi. "Mwambie marahaba, nimeshapoa. Mwambie na hiyo boneti haitaki nguvu, inataka kuzoeana."

"Nimesikia," fundi alinong'ona. "Dada, hili gari lina mwenyewe."

Nilimwambia nini tunakitafuta, na kwamba akifungua asiguse chochote. Alikubali. Nikaingia kwenye usukani, mahali pa mama. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma, kwa miguu ya baba. Nilivuta. Fundi alikandamiza, akaachia. Kimya. Tukarudia, tukarudia tena. Safari nyingine nilipovuta kwa uzito wangu wote, waya ulikatika, mkono wa kuvutia ukanibakia kiganjani.

Fundi alitandika gunia, akalala chini ya bampa na spoki ya baiskeli aliyoikunja ncha. Aliipenyeza nyuma ya wavu wa mbele, akapapasa, akatoka na vumbi la kutu machoni.

"Nimekipata kitasa, lakini kimeng'ang'ania."

"Mwambie apige," mama alisema dirishani. "Baba yenu kikishika sana alikuwa anapiga ngumi juu."

Basi tulipiga. Nilirudi kwenye usukani, nikafungua pochi ya zana chini ya dashibodi, nikauuma ule uzi wa waya uliobaki kwa plaizi na kuuvuta, macho yangu kwenye plaizi. Mbele fundi alikuwa anashindilia boneti kwa ngumi, halafu kwa kiwiko, halafu kwa kipande cha mbao alichokifungia kitambaa. Gari zima lilikuwa likitikisika. Mwishowe palisikika mlio mkavu, na boneti ikainuka kidogo.

Nilikwenda mbele. Fundi alikuwa ameinyanyua, ameishikilia kwa mkono mmoja, wa pili ameuweka nyuma, hajagusa kitu. Nilikigusa mimi, kwa kidole kimoja. Kibanio kilicheza kama jino la mtoto. Ukoko wa kijani uliokizunguka ulikuwa umepasuka, na unga wake umemwagika juu ya betri.

"Kimelegea," nilisema.

Fundi aliiangalia betri, akaiangalia ile mbao, akainamisha kichwa. "Dada," alisema polepole, "kwa vipigo vile hata kilichokaza kingelegea."

Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo, hata mama aliyeagiza tupige.

Nilimwambia mama yote mawili, jinsi nilivyokikuta na alivyosema fundi.  Kutoka nyuma ya pazia akaagiza boneti isifungwe. Tukaiegemeza kwa kipande cha kumbi la nazi, na mpaka leo iko hivyo, imeachama.

Siku hizi mama akitoa salamu ya alasiri huinuka papo hapo. Msala anaukunja, uradi hauleti. Huja nilipo, na kila mara swali ni lile lile: tulianza kupiga upande gani? Betri iko kushoto, naye anataka kujua kama vipigo vilianzia juu yake. Mimi nilikuwa ndani, macho kwenye plaizi. Nimempigia fundi simu nikamuuliza. Amesema anadhani alianza kulia, lakini hawezi kuapa.