Salamu Zilizokula Pumzi ya Kaka

Watu wa kwetu wakija kumwona mgonjwa, lazima awaitikie. Tena si neno moja. Umeamkaje, mwili unasemaje, na yeye aulize za kijijini Itaka, mvua, mahindi, watoto. Asipojibu wananuna. Sasa niambie, mtu katolewa juzi kwenye mashine ya kupumulia, unamwuliza mahindi?

Kaka yangu alichomwa na msumari pale mjini Mpemba, akishusha mbao kwenye lori. Pepopunda. Mwili ukakakamaa, tukamkimbiza Mbeya, hospitali kubwa, mashine ikampumulia wiki na wiki. Alipotolewa, kifua kilikuwa kimesahau kazi. Dada wa mazoezi akampa kidude cha plastiki chenye springi ndani. Unakibana mdomoni, unavuta hewa, springi inakataa. Ukizoea, anaikaza.

"Misuli ya pumzi imelegea," akaniambia. "Avute kila siku. Akizembea, makohozi yatamjaa, tutamrudisha kwenye mashine."

Nikamwelewa hapohapo. Shule niliacha nikaenda kubadilisha hela mpakani, lakini kunyanyua chuma nilijifunza mwenyewe, kwa ndoo za zege. Msuli haubembelezwi.

Shangazi yetu ndiye alikuwa analeta wageni. Wanaingia, kaka anaitikia mmoja mmoja, mabega yanapanda na kushuka. Wakitoka namwekea kidude, anavuta kidogo, jasho linamtoka, basi. Shangazi anakinyakua.

"Mgonjwa hafanyishwi kazi! Unataka kummaliza mwenzio?"

"Wanaommaliza ni hao wageni wako, shangazi! Wanakula pumzi yote, mimi naachiwa makombo!"

"Nitolee kelele za mpakani hapa. Unadhani uko kwenye kubadilisha kwacha?"

Asubuhi moja yule dada akamsikiliza kaka kifuani, uso ukabadilika. Akasema hali ikibaki hivi mpaka kesho, mashine. Damu ikanichemka. Nikasimama mlangoni. Wakaja wazee wa kanisani kwetu na shangazi mbele.

"Shikamooni wazee. Leo kaka hasalimiwi. Anayempenda akae kimya."

"Tangu lini mgonjwa anawekewa mgambo?" mmoja akauliza.

"Tangu leo!"

Shangazi akanisukuma, akapita, akamwinamia. "Baba, umeamkaje?"

Kaka akamtazama. Anampenda yule mama, ndiye aliyemlea. Midomo ikafunguka, nikajua anaitikia, nikataka kupiga ukuta. Hakuitikia. Akapapasa shukani, akakichukua kidude mwenyewe, akakibana, akafumba macho, akavuta. Shingo ikamsimama mishipa.

"Baba? Nakusalimu."

Akavuta tena.

"Umemfundisha kiburi," shangazi akanigeukia, machozi yanamtoka. Akajifunga kitenge upya, akatoka, wazee nyuma yake, hakuna aliyeniaga. Sikuwafuata kuwabembeleza, na wala leo nisingewafuata. Nikamfuta kaka jasho. Akanionyesha kidole kimoja: bado. Akavuta tena.