Maji ya Wodini

Nimechoka kuambiwa nimwamini Mungu na watu ambao hawajawahi kumfunika mtoto wao kitenge usoni. Naanza hivyo ili anayetafuta maneno ya kufariji aache kusoma mapema. Mungu namwamini. Watu wake ndio wananishinda.

Mwanangu wa pili alizaliwa na tundu kwenye moyo. Daktari alituambia mimi na mume wangu kwamba mtoto atahitaji upasuaji mbali na huku kwetu, lakini kwanza aongezeke uzito. Tukarudi Buhembe, kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga, kazi yangu ikawa moja: kumnenepesha. Hakunenepa. Alikuwa akinyonya kidogo anachoka, anaacha ziwa, paji la uso limelowa jasho kama mtu aliyetoka kulima. Mimi nilikuwa namwangalia nasema, Mungu, huyu hata kazi ya kunyonya inamshinda, sasa ile ya kuishi?

Nilitaka abatizwe mapema, hapahapa mjini, Jumapili yoyote. Mama mkwe akakataa. Yeye anaishi Izigo, Muleba, kwenye kibanja alichoachiwa na mume wake, migomba na kahawa hadi mlangoni. Mtoto wangu alikuwa mjukuu wa kwanza wa kiume kwenye nyumba ile. Marehemu baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi katika mtaa wao wa Kilutheri, kanisa dogo la pale kijijini, kwa hiyo mama akaamua kwamba mjukuu atabatizwa pale pale, ukoo mzima uwepo, watu wale, wanywe juisi ya ndizi za shambani kwake. Na ndizi zenyewe zilikuwa hazijakomaa.

"Mama, mtoto ni mgonjwa," nilimwambia kwenye simu.

"Najua ni mgonjwa, bojo. Ndiyo maana namwombea. Lakini mjukuu wa mume wangu hawezi kubatizwa huko kama mtoto wa mpangaji."

"Ni mtoto wa mpangaji, mama. Kodi tunalipa kila mwezi."

"Wewe na hiyo elimu yako ya fomu foo. Subiri ndizi."

Tuligombana na jina pia. Yeye alitaka mtoto aitwe jina la marehemu babu yake. Mimi nilikuwa na jina langu, nilishalichagua tangu mimba ina miezi mitano, na nikasema halibadiliki. Mume wangu alikaa katikati. Mume wangu ni fundi ujenzi, anabeba mifuko ya saruji kutwa nzima, lakini mbele ya mama yake hawezi kunyanyua hata neno moja. "Tumsubiri mama kidogo," alisema. Tukasubiri migomba.

Mvua zilipoanza, mtoto akashikwa na kifua. Tukalazwa. Kitanda cha jirani kilikuwa cha mama mmoja wa mjini, mtu mzima, Mwislamu, anayeuza vitumbua karibu na stendi. Alikuwa anamuuguza mjukuu wake wa kike aliyeanza kupata nafuu. Mama huyo alikuwa na maneno mengi na kikombe kimoja cha plastiki, cha rangi ya chungwa, ambacho tulikitumia wote wawili kwa uji, kwa chai, kwa maji ya dawa. Aliniita mwanangu kuanzia siku ya kwanza. Nilipokataa kula alisema, "Kula, mwanangu. Mungu hapokei mgomo wa chakula, angepokea mimi ningeshapata nyumba ya ghorofa." Nikacheka. Nilikuwa sijacheka siku nyingi, nikajisikia vibaya kama nimeiba.

Wanawake wa jumuiya yetu walikuja kuniona. Waliimba, wakaomba, wakaacha machungwa. Mmoja wao alinishika bega akasema, "Usilie, dada, Mungu ataona huna imani." Nilimjibu kwamba kama Mungu hawezi kutofautisha machozi na kukosa imani, basi tuna shida kubwa kuliko ya mtoto. Hakurudi tena. Wala sikumtafuta.

Ilikuwa mchana, mvua inapiga bati, chakula cha wagonjwa ndiyo kwanza kimepita. Mtoto akaanza kupumua vibaya. Siyo vibaya kama siku zote. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani, midomo ikabadilika rangi. Nesi alimwangalia mara moja akatoka anakimbia kumwita daktari. Mume wangu alikuwa kazini. Nikabaki na mwanangu mikononi, na yule mama wa kitanda cha jirani amesimama.

Nilipokuwa nasoma kipaimara, mwinjilisti wetu alitufundisha kwamba mtoto akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji na jina la Mungu, basi. Sisi wasichana wa nyuma tulikuwa tunatafuna miwa. Sikujua kama nilisikia. Siku ile nikajua nilisikia kila kitu.

"Mama, nipe maji," nikasema.

"Ya kunywa?"

"Ya kumbatiza."

Hakuuliza swali la pili. Alimwaga uji uliobaki dirishani, akasuuza kikombe, akajaza maji kutoka kwenye ndoo ya kunawia, akakishika karibu na mimi kwa sababu mikono yangu ilikuwa imejaa. Nikamhamishia mtoto mkono mmoja, nikachota kwa kiganja. Nikammwagia mwanangu kichwani mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Nikamtaja jina. Yule mama alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake inasema ya kwake.

Msinifanye mtakatifu. Sikuwa na amani moyoni. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba meno yaliniuma. Nilichokuwa namwambia Mungu ni hiki: kama unamchukua, usimchukue kama kitu kilichookotwa. Huyu ana jina, ndilo hili, lishike. Hiyo ndiyo imani niliyokuwa nayo. Sikuwa na nyingine ya akiba.

Daktari alikuja, wakahangaika naye, waliniambia nikae pembeni, nikakaa. Mume wangu alifika ana udongo hadi magotini. Mtoto alikuwa ameshaondoka.

Yule mama ndiye aliyenisaidia kumfunga kitenge. Aliuliza tu, "Mnazika wapi?"

"Izigo," mume wangu akasema. "Kesho."

"Kesho nitakuja."

Nilidhani ni maneno ya kuagana.

Tulifika Izigo jioni. Watu walikuwa wameshatandaza nyasi sebuleni, wanawake wamekaa. Mama mkwe alitupokea kwa kilio, akamshika mwanae, akanishika na mimi, na kwa muda huo mfupi sikumchukia. Kisha mwinjilisti wa mtaa akaja kupanga mazishi. Ni kijana tu, labda ananizidi miaka minne, koti limempwaya. Alizungumza kwa upole. Alisema kwa kuwa mtoto hakuwa amebatizwa, yeye atafanya maombi mafupi nyumbani, asubuhi, halafu familia wamzike. Hakutakuwa na ibada ya maziko na kengele haitapigwa. Kengele yenyewe pale mtaani ni ringi ya gari iliyoning'inizwa juu ya mti, wanaigonga kwa nondo, lakini ikilia kila mtu hadi bondeni anaacha jembe na kujua Mkristo amelala.

Shangazi mmoja wa ukoo akaongeza kwamba hata zamani kitoto cha umri ule kilizikwa nyuma ya nyumba na wanawake wawili, jioni watu wanakula kama kawaida. "Huyu mama yake asiwatese watu," alisema. "Bado atazaa."

"Amebatizwa," nikasema.

Wakaniangalia.

"Na nani, waitu?" mwinjilisti akauliza.

"Na mimi. Wodini, leo mchana."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mama wa kitanda cha jirani."

"Wa usharika gani?"

"Ni Mwislamu."

Yule shangazi akacheka kwa pua. Mwinjilisti alikuna shingo. Alisema hanikatalii, ubatizo wa dharura upo, kanisa linautambua, lakini unatakiwa uwe na shahidi, na yeye atamwambia nini mchungaji? Kwamba shahidi ni mama wa vitumbua ambaye hata msikiti wake hatuujui?

Mama mkwe hakunitazama. Alisema kwa Kihaya, taratibu, kama anamweleza mgeni: "Mtu akifiwa husema lolote. Mwacheni apumzike."

Hapo ndipo nilipomchukia. Mtoto wangu alikuwa hajabatizwa Jumapili zote zile kwa ajili ya ndizi zake, na sasa nilipombatiza mwenyewe, naonekana mwongo. Nilisema hivyo hivyo, mbele ya watu, kwa sauti. Mume wangu akanivuta mkono. Nikamwambia aniachie, akaniachia. Nilikwenda kulala karibu na mwanangu juu ya nyasi. Jina hawakuniuliza, na mimi sikuwaambia. Nilijiambia kama hawaamini maji, hawana haki ya jina.

Asubuhi ilikuwa na ukungu, migomba inadondosha matone. Wanaume wawili walikuwa wanachimba, siyo kwenye makaburi ya familia karibu na kahawa alikolala baba mkwe, bali nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Nilisikia jembe. Kila likiingia ardhini nilikuwa namwambia Mungu, unaona? Unaona wanakomweka?

Pikipiki ikasimama barabarani. Akashuka yule mama, na baibui lake jeusi limerushiwa tope hadi kiunoni, mkononi ana kapu la vitumbua lililofungwa kwa kitambaa. Alikuwa amemwachia binti yake zamu ya wodini, akapanda gari la Muleba, kisha pikipiki. Alitoa pole kwa kila mtu aliyekuwa uani, akamkabidhi mama mkwe kapu, akaja kukaa karibu na mimi kama tulivyokaa wodini.

Mwinjilisti hakupoteza muda. Alimsogelea akamwamkia, akamuuliza kama kweli aliona mtoto akibatizwa.

"Mwanangu," yule mama akasema, "mimi maneno yenu yale siwezi kuyasema, dini yangu hainiruhusu, usinilazimishe. Lakini maji nilichota mimi. Alimmwagia kichwani mara tatu, na mtoto alikuwa hai, alikunja uso kwa baridi. Na jina nililisikia."

"Jina gani?"

Akalitaja.

Lilikuwa jina la marehemu baba mkwe. Siyo lile nililolichagua mimi. Sijui kwa nini lilitoka hilo. Mdomo ulipofunguka ndilo lililokuwepo. Labda niliogopa aende peke yake, nikamwelekeza kwa mtu wa kwao. Mama wa vitumbua asingeweza kulijua jina lile. Pale uani kila mtu alijua kwamba mimi nilikuwa nimelikataa.

Mama mkwe alikuwa bado ameshika lile kapu. Aliketi chini palepale kwenye tope, na kitenge chake kizuri cha msibani. Baadaye aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, tukamsikia akiwaambia wanaume kwa sauti ya kawaida kabisa, "Fukieni hapo. Njooni kwenye kahawa, nitawaonyesha."

Ringi ililia. Nilisikia jembe moja likiacha kulima upande wa pili, halafu lingine. Mwinjilisti alifanya ibada yote, hakuruka wimbo wala somo, na alipofika kwenye jina alilitaja mara mbili. Mwanangu akalazwa kando ya babu yake. Yule mama wa vitumbua alisimama nje kidogo ya duara, viganja vyake viko juu.

Baada ya maziko watu walipewa juisi ya ndizi. Ndizi zilikuwa zimekomaa siku chache nyuma, mama mkwe alikuwa ameshazifukia shimoni ziive kwa ajili ya ubatizo. Zingefanywa nini? Alikuja kwangu na kibuyu, akapiga magoti, mama mkwe mzima, akanishikia ninywe. "Nilitaka watu wamwone," alisema. Sikumwambia nimemsamehe, kwa sababu nilikuwa sijamsamehe. Lakini nilikunywa. Ilikuwa tamu. Hilo pia liliniuma.

Sasa tuko Buhembe. Jumapili naenda kanisani, na wakileta watoto kubatizwa natoka nje, nasimama kwenye shamba la kahawa la jirani mpaka waimbe. Watu wananiambia Mungu alimpenda zaidi. Nawajibu, hata mimi nilimpenda. Wananiambia ana makusudi. Inawezekana. Hajaniambia, na mimi nimemwambia wazi kwamba hayo makusudi hayajanifurahisha. Bado naomba kila siku. Wakati mwingine nakaa tu kwenye kiti sina neno, namkazia macho Yeye nisiyemwona, kama mtu aliyeacha kitu chake kwa jirani na anajua nyumba.

Binti yangu mkubwa ana miaka minne. Juzi nilikuwa namwogesha kwenye beseni, nikammwagia maji kichwani, akapangusa macho akaniuliza, "Mama, Mungu analijua jina la mdogo wangu?"

"Analijua," nikamwambia. "Nilimwambia mwenyewe."

Akafikiri kidogo. "Akisahau?"

Nikaendelea kumsugua mgongo. "Nitamwambia tena."