Povu Kwenye Kamba ya Nepi

Jamani, nyie hamjui raha ya sabuni! Mimi nimekulia enzi za foleni kwenye duka la kaya, mche mmoja unakatwa vipande kwa uzi, na wa mwisho kuoga anaambulia harufu tu. Ikikosekana kabisa, mama alifua kwa majani ya mpapai. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa. Maduka ya Sumbawanga yakafurika sabuni ya unga, ya bluu, ya kijani, yenye harufu ya maua nisiyoyajua, na mimi fundi baiskeli wa mtaa wa Izia nikaingia dukani nikachagua kama waziri.

Na sababu ya kununua nilikuwa nayo. Mke wangu alikuwa amejifungua binti yetu wa kwanza kwa upasuaji, na muuguzi akamkataza kuinama au kuinua ndoo mpaka kidonda kipone. Mama yangu alishafariki. Mama yake alikuwa bondeni, Mtowisa, na masika ile barabara ilikuwa tope tupu, lori linapita mara moja moja. Nani afue nepi? Mimi! Nilinunua shuka zito la flaneli kwenye mitumba, nikalikata vipande vya mraba, nikapinda kingo kwa mkono wangu mwenyewe.

Kazi ile niliifanya kwa mbwembwe. Kinyesi nakikung'utia chooni, nepi nailoweka kwenye ndoo yenye kifuniko, naifikicha, naichemsha kwenye debe mpaka mvuke unajaa uani, naianika, kisha naipiga pasi ya mkaa pande zote mbili, maana kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia ngozini. Sabuni? Namimina! Akina mama wa bombani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Baba mtoto, na kunyonyesha unaanza lini?"

"Kesho!" nikawajibu. "Njooni mjifunze!"

Sikuona haya hata kidogo. Kamba yangu ilikuwa nyeupe kuliko kamba zote za mtaa, na nikitoka kazini nilizunguka makusudi nipite upande ule niione.

Lakini mtoto akaanza kuungua makalioni. Kwanza wekundu, kisha vipele, kisha ngozi ikachubuka, akawa analia kila anapokojoa. Nikasema huu ni uchafu, nikaongeza sabuni. Vikazidi. Nikaongeza tena! Zahanati walitupa dawa ya kupaka, ikamtuliza kidogo, nikafua, hali ikarudi ile ile.

Habari zikashuka bondeni na lori la mpunga. Lori lilipopanda tena, likamleta mama mkwe.

Watu wa mke wangu ni wafugaji waliohamia bondeni kutoka Shinyanga, na kwao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, sembuse kuzungumza. Basi nikachuchumaa nyuma ya mlango, nikautolea ukuta shikamoo. Yeye akajibu huku akimtazama mjukuu aliyempakata.

"Marahaba. Mjukuu wangu, mwambie baba yako nimeyaona makalio haya. Jumamosi lori linashuka. Wewe na mama yako mnakwenda kwangu mpaka utakapotembea."

Na mbeleko alikuja nayo kabisa, kanga ya siku nyingi iliyofuliwa mpaka ikalainika kama pamba.

Mpaka atembee! Si mwaka mzima huo? Na kule joto, mbu, na masika barabara ikikatika hata salamu hazipiti! Damu ilinichemka. Lakini unabishana vipi na mtu usiyeruhusiwa kumtazama? Ikabidi na mimi nimtume mtoto.

"Mwanangu, mwambie bibi mimi nafua kila siku kwa mikono yangu hii."

"Mwambie nimeona," sauti ikajibu. "Na ngozi yako nayo imeona."

Mke wangu alikuwa kitandani, machozi yanamtoka. Hakutaka kwenda. Ila angemwambia nini mama yake, na mtoto ndiye yule analia?

Kesho yake alasiri, nimetoka tu kuanika, mvua ikashuka ghafla, ile ya kwetu Ufipa yenye baridi ya kukata masikio. Nikatoka mbio kuanua. Nikafika katikati ya ua nikasimama, mdomo wazi. Nepi zilikuwa zinatoa povu! Nepi safi, nilizozisuuza mwenyewe, zinapigwa na mvua na povu jeupe linachuruzika kwenye pindo, linaangukia topeni.

"Ni sabuni!" nikapiga kelele. "Mama watoto, ni sabuni! Imebaki humu ndani! Mtoto akikojoa inalowa, inamuunguza!"

Nilisahau adabu zote. Niliingia ndani na nepi inachuruzika mkononi, nikajikuta uso kwa uso na mama mkwe. Masikini, akajifunika kanga kichwa kizima. Mimi nikageukia ukuta, bado napayuka.

Nikakinga maji ya mvua toka batini kwenye pipa. Nikasuuza nikamwaga, nikasuuza nikamwaga, mpaka maji yakatoka kwenye nepi kama yalivyoingia. Nikazichemsha kwenye maji matupu, na bado povu likapanda juu ya debe, nikalimwaga nalo! Nilivyokuwa na furaha, nilikuwa naimba peke yangu. Tangu hapo sabuni ikawa ya kudokoa, suuza ndiyo ikawa ya kumimina, na jua likichungulia tu nepi ziko nje. Haikupita muda mtoto akakojoa bila kulia. Tukatazamana na mke wangu, tukaogopa kufurahi mapema.

Jumamosi lori likapiga honi barabarani. Mama mkwe akatoka na mzigo wake, mbeleko begani. Mke wangu akamfuata na mtoto mikononi. Mimi nimegeukia ukuta wa jiko, nimefumba macho, nasikiliza tu. Nikasikia mtoto anafunguliwa nepi. Lori likapiga honi tena. Nikasikia nepi inafungwa upya.

"Mjukuu wangu," mama mkwe akasema mwishowe, "mwambie baba yako leo sina wa kubeba. Mbeleko hii aikate. Zitatoka nepi nne."

Kitu laini kikaniangukia begani. Nikasikia hatua zake zinakwenda, na wale wa kwenye lori wakimvuta mkono apande.

"Mwanangu!" niliita kwa nguvu zote, bado nimeukumbatia ukuta. "Mwambie bibi hata tano zitatoka!"

Lori zima likacheka. Nilipogeuka, mke wangu naye alikuwa anacheka huku ameshika kidonda chake kwa mkono mmoja, na huyo tuliyekuwa tunamtuma alikuwa amelala fofofo.